Harmonika ya Bob Dylan

Jana usingizi ulinigomea, nikajikuta naangalia video ya Bob Dylan, mwanamuziki wa Marekani, kwenye kipindi cha televisheni cha usiku cha David Letterman, Machi 1984. Mkongwe wa miaka 42, nyuma yake vijana wa The Plugz, bendi ya panki (roki ya kasi na kelele) ya Los Angeles. Wimbo wa tatu, anaipeleka harmonika mdomoni... lo, siyo yenyewe! Sauti haiendani kabisa na wimbo. Mzee anaacha kila kitu, anaanza kuzunguka jukwaani akitafuta nyingine. Wale vijana wala hawakushtuka, walikaza mdundo uleule kana kwamba ndivyo walivyopanga (mimi ningeshadondosha gitaa). Akaipata, akarudi, akapuliza. Nimecheka peke yangu gizani, nikairudisha nyuma. Mara nne.