Tulivyojiandaa kumpokea fukusi mwekundu wa michikichi hapa Kigoma

Ushauri wa kwanza tuliopewa kijijini dhidi ya fukusi mwekundu, mdudu anayeua michikichi na mitende ambaye hapa kwetu bado hatujamwona, ulikuwa huu: changeni hela, nunueni dawa, pigeni michikichi yote mara moja. Nilikataa mbele ya mkutano na bado nakataa. Fukusi mwekundu hakai juu ya jani akingoja bomba lako. Jike hutaga mayai 200 hadi 300 kwenye jeraha la mti, buu akianguliwa anachimba kuelekea moyo wa mti, anakula humo mpaka anafika urefu wa sentimita 5, kisha anajisokotea kifukofuko kwa nyuzi za mti huohuo. Dawa ya kunyunyizia majani itamkuta wapi? Makuti ya kileleni yakianza kulala, ndani kumeshaoza, na mti ulioliwa moyo hauchipui tena.

Asili yake ni Asia. Mwaka 1985 aliripotiwa Falme za Kiarabu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa Misri. Hakuruka umbali huo wote kwa mabawa yake. Alisafirishwa ndani ya miche ya mitende. Ndiyo maana jambo la kwanza nililosimamia lilikuwa miche. Tangu kampeni ya michikichi ya mwaka 2018 kila mtu Kigoma anataka tenera, mchikichi wa kisasa wenye mafuta mengi, na mwenye haraka huchukua mche popote anapoupata. Sisi tulikubaliana: mche wa michikichi unatoka TARI Kihinga, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, au kitalu ambacho afisa ugani anakijua, na mtende wa mapambo wa kutoka nje ya nchi hauingii kijijini, hata uwe wa bure.

Sasa, utamfundishaje mtu kumtambua mdudu ambaye hajawahi kumwona? Picha hazisaidii sana. Tuliyemtumia kama mwalimu ni fukusi wetu wa hapahapa, ndugu yake wa Kiafrika, ambaye anaishi kwa namna ileile na kuacha dalili zilezile. Tulichukua mchikichi uliokwisha kuanguka, tukaupasua kwa shoka mbele ya watu. Humo kulikuwa na kila kitu: mabuu meupe manene yasiyo na miguu, yenye vichwa vya kahawia, vifukofuko kama kitu kilichosokotwa kwa kumbi, na uji wa kahawia wenye harufu ya pombe iliyochacha. Harufu ile ukishainusa mara moja huisahau. Mama mmoja alimwonyesha fukusi mkubwa, akaniuliza, "Mwanangu, huyu si chonga?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Chonga ana pembe, huyu ana mdomo mrefu uliopinda." Tukawaweka wote wawili kwenye sinia, kila mtu akawashika.

Wa kwetu ni mweusi, ana mistari miwili ya wekundu-kahawia mgongoni nyuma ya kichwa. Yule mgeni huwa na rangi ya kutu, na madoa meusi mahali hapohapo. Lakini rangi zake hubadilika, wengine ni weusi kabisa, kwa hiyo usijipe uhakika peke yako. Ukimtilia shaka, muue kwenye chupa yenye spiriti, andika tarehe na shamba la nani, mpelekee afisa ugani. Usimbebe akiwa hai, hata kwenye chupa iliyofungwa.

Mitego ndiyo iliyotutoa jasho. Mara ya kwanza tulinunua ndoo mpya nyeupe, zinang'aa, kama elfu tano na kitu kila moja, tukatoboa matundu, tukaweka mananasi, tukazitundika kwenye michikichi juu kidogo ya kichwa. Baada ya wiki tukakuta nzi na maganda yaliyokauka. Hakuna fukusi hata mmoja, wakati hatua chache tu kutoka pale walikuwa wanatembea juu ya gogo lililokatwa juzi! Nilikaa kwenye lile gogo nikiwatazama mpaka nikaelewa. Fukusi hatui moja kwa moja kwenye tundu. Anatua karibu, kisha anapanda kwa miguu. Kwenye plastiki laini anateleza. Na chambo kikikauka hakinuki tena.

Tukaanza upya na ndoo kuukuu za lita 10. Matundu manne ya sentimita 4 hivi, chini kidogo ya ukingo. Nje tukazungushia gunia la katani na kulifunga kwa waya, ili apate pa kushika. Ndoo ikafukiwa ardhini mpaka karibu na matundu, kivulini. Ndani, nusu kilo ya nanasi au muwa uliopondwa, maji mpaka chambo kizame, na kijiko cha sabuni ya unga ili akitumbukia asielee. Kila wiki unaongeza maji na kubadilisha chambo. Wakaingia, wale weusi wetu, na hapo nikajua mtego unafanya kazi. Kwa mgeni mwenyewe unahitaji kifuko cha feromoni yake, yaani harufu ambayo fukusi huitana nayo, kikining'inia chini ya mfuniko, maana hiyo ndiyo inayomwita kutoka mbali; matunda peke yake huvuta wachache. Afisa ugani au TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, watakuelekeza namna ya kukipata kihalali.

Kuna aliyetushauri tutege katikati ya miche michanga "ili tuilinde". Usithubutu. Anayevutwa na harufu haingii ndoo kila mara, wengine huishia kwenye mti wa jirani. Tega pembezoni, mbali na michanga. Kwa kuchunguza tu, mtego mmoja kwa hekta unatosha.

Chonga nao tuliwashughulikia, kwa sababu tundu analotoboa chonga kileleni ndilo mlango wa fukusi kutagia. Chonga huzaliana kwenye magogo yanayooza na marundo ya samadi, na hapa kwetu michikichi ya zamani ikikatwa kupisha tenera huachwa palepale ilipolala. Tulikata magogo vipande, tukavipasua vikauke, kisha tukavichoma. Unapopogolea, makuti mabichi yasiyo na sababu ya kukatwa yaache, na jeraha lipake udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majivu siku hiyohiyo, kabla harufu haijasambaa.

Ukaguzi wa miti tunaufanya alfajiri, kabla upepo haujaanza kuchezea makuti. Unaangalia vitundu, nyuzi zilizotafunwa zikitoka kwenye vikonyo, na uji wa kahawia. Kisha unabandika sikio kwenye shina na kunyamaza dakika nzima. Mabuu yakiwa mengi utasikia kama mtu anayetafuna muwa chumba cha pili. Mti wa namna hiyo unafungwa kitambaa chekundu, na afisa ugani anapigiwa simu kabla shoka halijaguswa, maana ukiukata na kuuburuza kupita kijijini unawagawa mwenyewe njia nzima.