Maji yamepanda yenyewe!

Jamani, huku kwetu Chamwino mtambo wa kuchimba kisima umefikia maji! Mita 60 nzima ilikuwa vumbi tupu, kompresa inanguruma, unga wa mwamba umetupaka nyuso mpaka hatutambuani. Karibu mita 70 likatoka tope, halafu maji. Baadaye fundi akateremsha kamba ya kupimia, yamesimama mita 20 tu kutoka juu. "Yamepanda yenyewe, mama," akaniambia. Nilitokwa na machozi.

Ni mgandamizo. Maji yamebanwa kwenye nyufa za mwamba, juu yake udongo mzito usiopitisha maji, na mvua huingilia huko kwenye miinuko. Ukitoboa tu, yanapanda kutafuta kimo cha kule yalikoingilia. Kisima cha Grenelle, Paris, kilichimbwa kuanzia 1833 hadi 1841, mita 548, maji yakafoka juu ya ardhi bila pampu yoyote!

Chetu kitahitaji pampu, lakini mzigo wake utakuwa mwepesi. Majirani, naomba tusichote ya kunywa kwanza. Maji mengi ya chini huku Dodoma yana chumvi, tusubiri majibu ya maabara.