"Kwani nani atajua?"

Sendi-ofu ya mdogo wangu imepita salama, ofisi imehamia ghorofa ya pili, mvua zimeanza. Na mimi bado niko Jumanne, kwenye maneno mawili matatu ya injinia.

Tuna mradi wa kupima viwanja nje ya Morogoro. Vijana walirudi na faili la pointi za GPS, safu tano kama kawaida: namba, kaskazini, mashariki, mwinuko, maelezo. Nikaziingiza AutoCAD, programu ya kuchorea, juu ya mchoro wa zamani wa viwanja. Umbo likatoka safi kabisa, ila lilikuwa limekaa kwenye mkonge wa watu, kama mita 300 kusini na 90 hivi mashariki.

Injinia akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Zisogeze zikae kwenye viwanja."

"Kwa kipimo gani, injinia?"

"Kwa macho. Si unaona umbo linalingana?"

"Mpaka wa mtu siwezi kuuhamisha kwa macho."

"Kwani nani atajua?"

Akaenda zake kunywa chai. Alilisema kwa upole, kama mtu anayenipunguzia kazi, na upole huo ndio unaoniuma. Atajua mama aliyekopa akajenga ukuta, siku jirani atakapomwambia avunje. Jibu hilo limenijia usiku, asubuhi, hata kanisani, lakini pale sikulitoa.

Mita 300 hizo hazikuwa ubovu wa kifaa. Mchoro wa zamani umechorwa kwa Arc 1960, datamu ya zamani (yaani msingi wa kupimia mahali duniani), yenye umbo la dunia la Clarke 1880. GPS yetu inasoma WGS84, datamu nyingine. Kanda ya ramani ni ile ile, UTM 37 kusini, kwa hiyo namba zinafanana sura na programu inazipokea bila kulalamika. Kama safu za kaskazini na mashariki zingekuwa zimepishana, pointi zingetupwa mbali mno na kila mtu angeshtuka. Hili la datamu ndilo la hatari, maana linakaribia ukweli.

Jumatano nikaenda saiti na mzee wetu wa kushika fimbo ya GPS, kutafuta bikoni, zile alama za mipaka zilizozikwa ardhini. Chini ya mwembe alikwangua udongo kwa panga, taratibu, mpaka zege likatokea na kichuma chenye kutu katikati. Tukasimamisha fimbo juu ya kichuma, tukasubiri kifaa kitulie. Bikoni ya pili, ya tatu. Zote zilipishana na orodha ya zamani ya vipimo vyake kwa kiasi kile kile, upande ule ule. Nilitaka kuruka!

Kwa bikoni hizo tatu nikahamisha pointi zote, na Alhamisi zikakaa mahali pake, tofauti ya sentimita chache. Mzee akaomba aone kwenye skrini.

"Hii ndiyo ile ya mwembeni?"

"Ndiyo yenyewe, mzee."

"Siku inazikwa, mimi ndiye niliyebeba maji ya zege. Kumbe bado ipo kwenye hesabu."

Akaniomba nimchapie karatasi akawaonyeshe wajukuu. Nimemchapia kubwa, ya A3. Injinia naye amesaini mchoro bila kuuliza kitu.

Sasa kuna mama yangu. Jana alinipa sindano nimtungie uzi, yeye ambaye hajawahi kumpa mtu. Anasema ni taa tu, umeme mdogo. Lakini leo saa nne asubuhi, jua likiwa mlangoni, alimimina chai pembeni ya kikombe. Nikimtajia kliniki ya macho anabadilisha mazungumzo.