Vile niliachana na kujipima kilo kila saa

Nilikuwaka najipima asubuhi mbele ya chai, nikitoka choo, nikitoka kuoga, usiku nikishakula, na nikipita Birere, mutaa wa biashara hapa Goma, pale vijana wanakaaka na balansi (mizani) njiani natoa franka napanda tena, eti nihakikishe ile ya nyumbani haidanganyi. Zikipishana, basi, siku imeharibika. Ikishuka nakunywa chai na mukati nikiimba, ikipanda nafunga mpaka jioni, kisha jioni nakula bugali ya watu wawili na kesho yake namba inapanda tena.

Kuelezea mama ilikuwa kazi. Huku kwetu Goma mutu akikonda wanauliza ana ugonjwa gani ao bwana anamutesa, akinona wanasema maisha imemukubali. Mama alisema mbele ya wageni: "Weye unakimbia chakula, wenzako wanakitafuta!" Alikuwa na haki, ila shida yangu haikuwa hata kilo zenyewe, ilikuwa ile namba, sikuweza kuanza siku bila kuiona.

Kitu ya kwanza kunifungua macho ni sakafu. Nyumba yetu ni ya mbao, imejengwa juu ya mawe ya volkano, ile lava ya Nyiragongo ya 2002, ni koridoo tu iko na simenti. Siku moja mudogo wangu akafagia akahamisha balansi kutoka ku simenti akaiweka chumbani juu ya mbao. Napanda, kilo imepungua karibu mbili! Nilifurahi dakika moja tu, kisha nikaanza kuihamisha kona kwa kona, na kila kona inanipa kilo yake. Balansi inatakaka sakafu ngumu na sawasawa, na mbao zetu zinabonyea. Sasa nimefunga kula mara ngapi ju ya ubao?

Nikaenda kwa dada yangu ule mwenye iko enfirmie (muuguzi). Akanipa chupa ya maji ya nusu lita, kunywa yote, haya panda. Nusu kilo juu. "Umenona?" Akanielezea kwamba lita moja ya maji ni kilo 1, kwamba ndagala ya chumvi ya jana inafanya mwili ushike maji, karibu na siku za mwezi pia, na chakula bado iko tumboni, kwa hiyo kilo 1 ao 2 kupanda na kushuka ndani ya siku ni kawaida kabisa. Na mutu akifunga, kile kinashukaka kwanza ni maji, ju sukari mwili unaweka akiba inakaaka pamoja na maji, karibu gramu 3 kwa gramu 1. Ili upate kilo 1 ya mafuta ya kweli lazima ukule kama kalori 7,700 juu ya zile mwili unatumia. "Jana ulikula bugali ngapi weye?"

Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama natapika kwa makusudi, na mara ngapi najinyima chakula. Hapo njo alinipeleka kwa mwanasaikolojia, na kama na weye unajinyima ao unatapika usingojee, tafuta mutu wa afya.

Sasa, kujua haikutosha. Nilikuwa najua yote na asubuhi miguu inaenda yenyewe. Nikatoa betri nikapatia mudogo kwa toshi yake, nikaenda kununua zingine. Kile kilisaidia kweli ni kupeleka balansi kwa mama jirani, na mapatano: ananipa jumapili ya kwanza ya mwezi tu, kiisha misa. Mama ule hana huruma. Nabisha hodi katikati ya juma, ananiangalia mlangoni: "Mwanangu, leo ni jumapili? Rudia kwako." Nilimuchukia wiki za kwanza. Nikaanza kujipima kiuno na uzi wa kushonea, mwanasaikolojia akaniambia huo uzi ni balansi ingine, utupe.

Asubuhi njo ilikuwa mbaya zaidi, mikono haina kazi. Nikaanza kushuka ziwani kuchota maji na wadogo zangu, bidoni ya lita 20 kichwani, hizo kilo hakuna mutu wa kunielezea kama ni za kweli. Nikirudi nina njaa, nakula.

Ku santre ya afya wakitaka kunipima napanda nikiwapa mugongo, naomba waandike bila kunisomea. Wengine wanashangaa, wanaandika tu.

Mwezi uliopita jumapili ya kwanza ilipita bila mimi kukumbuka. Jumatatu mama jirani akaja mwenyewe kuuliza kama siitaki tena, ju anataka apimie gunia yake ya makala, anaona muuzaji anamuibia. Nikamwambia aiweke ku simenti.