Frateri wa Ghala la Asali

Tabora, mtu akiacha seminari, jina la Frateri, wanaloitwa wanafunzi wa upadri, humfuata mpaka sokoni. Nilirudi nyumbani Isevya baada ya kumaliza miaka mitatu ya falsafa Ntungamo, kule Bukoba, bila kuendelea na teolojia, na majirani wakazidi kuniita Frateri kana kwamba niko likizo. Wenzangu walioacha kama mimi walikuwa wameshatawanyika. Mmoja aliingia polisi, mwingine akawa redioni anasoma taarifa ya habari, mwingine benki kwenye dawati la mikopo. Baba mkubwa, mstaafu wa reli, hakuona hayo yanahusiana vipi na falsafa. Kila jioni alikuwa na swali lilelile: daktari ana hospitali, mwalimu ana shule, mwanafalsafa anafungua ofisi gani? Siku moja nikamtajia Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapahapa Tabora, akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, kisha mwaka 1949 akaenda Edinburgh, ambako falsafa ya maadili ilikuwa mojawapo ya masomo yake.

"Ile nafasi ina mtu," akanijibu, akaendelea kusikiliza redio.

Nikapata ukarani kwenye ghala la asali. Mwenye ghala, ambaye sote tulimwita Mama, hakuniuliza cheti. Alitaka mtu mwenye mwandiko unaosomeka na asiyelamba vidole kazini.

Asali yetu inatoka porini. Warina, yaani wavunaji wa asali, wanapandisha mizinga ya magogo na magome juu ya miti ya miyombo, mbali na vijiji, na mvua zikishakatika wanakwenda kulina. Kufikia Julai ndoo za lita 20 zinaingia mjini zimefungwa kwenye baiskeli. Ndoo moja iliyojaa ina kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji, na mtu akikuambia ameendesha baiskeli na ndoo mbili kutoka pande za Sikonge, mpe kwanza kiti.

Julai 2013 alikuja mnunuzi kutoka Dar es Salaam na Fuso. Alikuwa anajua kazi yake: alipima kila ndoo, alionja, aliandika. Alipofika kwenye ndoo za mzee mmoja, mrina wa siku nyingi, akafungua kifuniko na kukuta asali imeganda, nyeupe, ya chengachenga. Akarudisha kifuniko.

"Hii imetiwa sukari. Asali halisi haigandi."

Uwanja mzima ulimsikia. Neno kama hilo halikai ghalani. Likishatoka getini mrina hauzi tena, na ghala lililompokea haliuzi pia. Mzee hakujibu. Alisogea tu, akaishika ndoo yake mpini.

Mama akasema anamfahamu mzee huyu tangu hajaolewa. Mnunuzi akasema hata mwizi ana watu wanaomfahamu. Kijana mmoja wa kubeba mizigo akaja na kiberiti, akachovya njiti kwenye asali, akaiwasha, ikawaka, watu wakashangilia. Mimi kipimo kile sijawahi kukipenda. Njiti ikikataa kuwaka itakuwa imelowa maji, basi. Kuhusu sukari haisemi lolote. Kifaa cha mnunuzi mwenyewe kilionyesha maji asilimia 18, na mwisho unaokubalika ni 20. "Sina ugomvi na maji," akasema. "Nasema sukari."

Ntungamo tulikuwa na mwalimu aliyetutesa kwa vitabu vya Thomas wa Akwino, mwanafalsafa wa Kanisa wa zamani. Thomas hafungui swali kwa jibu lake. Anaanza na sababu za wanaompinga, moja baada ya nyingine, tena kwa nguvu zake zote, ndipo anajibu. Mwalimu yule alikataza mtu kumjibu mwenzake kabla hajayarudia maneno ya mwenzake mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Vipindi vilikuwa havisogei. Nilivichukia.

Nikaomba ruhusa kwa Mama, nikamgeukia mnunuzi. "Kaka, naomba nirudie ulichosema, unisahihishe. Unasema asali iliyotiwa sukari huganda. Hii imeganda. Kwa hiyo imetiwa sukari."

"Eeh."

"Treni ya Kigoma ikichelewa, stesheni yetu hujaa watu. Leo stesheni imejaa. Lazima treni imechelewa? Huenda ya Mwanza ndiyo imeingia."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alifikiri kidogo. "Hapana, sikusema hivyo. Nimesema asali halisi haigandi. Hii imeganda, kwa hiyo si halisi. Treni yako haimo hapo."

Nilimheshimu kuanzia hapo, maana alikuwa sahihi. Hoja ya kwanza ina tundu katikati: kitu kimoja kinaweza kuwa na sababu mbili. Hii ya pili haina tundu. Ukikubali kwamba asali halisi haigandi, kila kinachofuata kinafuata, na mtu anayebishana na mwisho wake anapoteza muda. Kilichobaki ni kuuliza kama ule mwanzo ni kweli, na kuuangusha hakuhitaji makelele. Asali moja halisi iliyoganda inatosha.

"Umeijuaje kwamba haigandi?" nikamuuliza.

Ndipo akasimulia, kwa sauti ya chini. Miaka ya nyuma, mkoa mwingine, aliuziwa shehena iliyochanganywa na sukari. Iliganda dukani, wateja wakamrudishia, mtaji ukaenda. Tangu siku ile hagusi iliyoganda. Mzee mwenyewe alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Ndani ghalani Mama alikuwa na masega mazima ya kuonyesha wageni. Tuliyakata wenyewe porini mwezi Juni, vyumba vyake bado vimezibwa na nta ya nyuki. Nikaleta sinia na kisu, nikampa mnunuzi achague sega na akate mwenyewe. Kwenye vyumba vya pembeni asali ilitiririka. Vya katikati vilikuwa na chengachenga zilezile. Akasaga moja kwa vidole. Nikamweleza nilichosikia kwa mkufunzi wa Chuo cha Ufugaji Nyuki pale mjini: asali ina sukari zake za asili, glukosi na fruktosi, glukosi ndiyo inayojitenga na kuwa chenga, na hufanya hivyo upesi zaidi kwenye baridi ya nyuzi 14 hivi. Usiku wetu wa Julai hauko mbali na hapo.

Hakukubali mara moja. "Nyuki wanaweza kulishwa sukari."

Hilo Mama alilidaka. "Ibebwe kwa baiskeli mpaka porini, ipandishwe juu ya mti, halafu imsubiri nyuki? Mwanangu, nani atafanya kazi hiyo?"

Hapo alicheka. Akaagiza ndoo zipandishwe mizani.

Ingekuwa vizuri mambo yaishie pale. Lakini mzee akaja mbele, ameshapata nguvu. "Frateri, sasa waambie wote kwamba asali yangu ni safi."

"Mzee wangu," nikasema, "nimeonyesha kwamba kuganda si ushahidi wa sukari. Usafi wenyewe sijaupima."

Mama alinikanyaga mguu. Mnunuzi, aliyekuwa anahesabu noti, alisimamisha mkono. Mzee akaniangalia kama mjukuu aliyemtukana. "Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mzee. Na yeye hajui. Inaweza kujulikana."

Nikapendekeza tuchukue chupa mbili ndogo kwenye ndoo zake, zizibwe mbele yetu, mzee aweke dole gumba na mnunuzi asaini. Moja ibaki ghalani, nyingine iende maabara Dar es Salaam. Nilidhani mnunuzi ataona usumbufu. Badala yake akauliza kama tunaweza kufanya hivyo kwa kila mrina, na akalipa zote siku ileile. Baadaye alimwambia Mama kwamba laiti ningeapa kuwa ni safi, angeacha mzigo wote.

Jioni ile Mama aliniambia niandike utaratibu mzima, ukurasa mmoja, lugha ambayo mrina akisomewa anaelewa. Nikauandika, nikaurekebisha, maghala mengine wakaja kuuomba, na ukarani wangu ukaishia hapo. Tangu hapo nimekagua asali, tumbaku na alizeti. Baba mkubwa aliuliza kazi hiyo inaitwaje. Nilipomwambia mkaguzi, akasema hiyo ni kazi nzuri, pole kwa miaka niliyopoteza Ntungamo.

Majibu ya maabara yalikuja wiki kadhaa baadaye: hakukuwa na sukari iliyoongezwa. Mzee alipokuja tena mjini Mama alimsomea karatasi yote, neno kwa neno, nami nimesimama pembeni.

"Hayo nilikuwa nayajua tangu porini," akasema, akasukuma baiskeli yake kwa karani mwingine.