Wanaosimama nyuma ya mchezaji

Jumapili, usiku.

Vidole vinanuka gundi na gumba la kulia limeota lengelenge. Leo nimekata kadi za mchezo wa mezani ninaoubuni, tangu baada ya chai. Karatasi ngumu ya gramu 300, rula ya chuma, wembe mpya. A3 moja ukiipanga vizuri inatoa kadi 18 za milimita 63 kwa 88, kwa hiyo A3 tatu ni seti nzima ya kadi 54. Pembe nazizungusha kwa kimashine cha kubana kwa mkono, maana kadi yenye pembe kali ikichanganywa mara mbili tatu inaanza kuchanua, na kadi iliyochanua inajulikana hata ikiwa imefunikwa.

Sehemu hii ya kazi naipenda kwa sababu kadi haibishi.

Mchezo wenyewe ni wa daladala. Kila mchezaji ni konda, ana gari na njia yake, na jua likizama lazima apeleke hesabu kwa tajiri. Abiria ni vizibo vya soda vilivyopakwa rangi. Gari ni kadibodi iliyotobolewa viti. Foleni inaamuliwa na dadu. Ukishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki mfukoni ndicho chako, na mwenye nyingi ndiye mshindi. Nauli, vituo, ruti, yote yalikuja haraka, kwani nani Dar es Salaam hajui daladala?

Kilichonitesa ni kijitabu cha maelekezo. Kurasa sita, zenye picha na mishale, zimeandikwa na kufutwa mpaka nikachukia neno "kisha". Nikaenda nazo kituoni kwa kijana mmoja ambaye ni konda kweli, njia ya Mbagala. Akakipokea kijitabu kwa heshima, akakifungua, akakifunga, akanirudishia. "Dada'angu, we nielekeze tu."

Nimeitafakari sana sentensi hiyo kwa sababu siyo yake peke yake. Kila ninayempa kijitabu anatafuta mtu wa kumwelekeza. Wala si uvivu, maana huyohuyo anayekataa kurasa zangu sita anacheza bao la kiswahili, mchezo wa mashimo 32 na kete 64, ambapo unaanza na kete 22 mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja, mpaka ziishe, halafu ndipo mnaingia kwenye awamu ya mtaji na kanuni zinabadilika. Kuna shimo liitwalo nyumba lenye sheria zake, kuna mashimo ya pembeni ya kichwa na kimbi, kuna kutakata pale unapokosa cha kula. Ukiyaandika yote hayo yatazidi kurasa zangu, na sijawahi kuona kijitabu chini ya bao la mtu yeyote.

Watu wamelijuaje? Kwa kusimama. Mtaani kwetu Temeke kulikuwa na kijiwe cha wazee chini ya mwembe, wawili wamekaa, saba wamesimama, na waliosimama walikuwa na kelele kuliko waliokaa. Mimi mtoto wa kike sikukaribishwa kukaa hata siku moja. Nilitumwa kahawa na kashata, nikawa nachelewa kuondoka. Nyuma ya bega la mzee unasikia kila kosa likitangazwa: "Ah, nyumba hiyo ungeiacha ilale!" Mwaka ukiisha unajua kwa nini nyumba inaachwa ilale, na hakuna aliyekufundisha.

Wenzetu wa kule ambako kazi hii ina viwanda wamejengwa kwa kusoma. Ujerumani wanatoa tuzo ya mchezo wa mwaka tangu 1979, na kila Oktoba mji wa Essen unajaa watu waliokuja kununua masanduku yenye vijitabu. Klaus Teuber alikuwa fundi wa meno ya bandia alipotoa Catan mwaka 1995, na mchezo ule ukaingia katika nyumba za watu duniani kote ukiongozwa na karatasi za kusomwa. Naheshimu sana. Nimejifunza karibu kila ninachojua kuhusu kusawazisha mchezo kutoka kwa wabunifu wa namna hiyo. Lakini masanduku yao yanahesabu waliokaa tu, mmoja hadi wanne, na wanaosimama hawamo. Hapa kwetu wanaosimama ndio wengi, tena ndio shule yenyewe.

Kwa hiyo miezi hii nimekuwa naujenga mchezo upya kwa ajili ya anayesimama. Kwanza nikaondoa kadi za siri. Mtazamaji akishaona kadi zako mkononi analazimika kufunga mdomo, na mtazamaji aliyefungwa mdomo anaondoka. Ludo, drafti, keramu, bao, vyote viko wazi, kila mtu anaona na kila mtu ana la kusema. (Dhumna inanipinga hapa, najua. Pale mtazamaji anazunguka meza, anaona mikono yote minne, anakaa na siri kifuani mpaka raundi iishe, kisha anamwaga lawama zote kwa mpigo. Hiyo nayo ni raha, ila siwezi kuitengeneza kwa makusudi.) Kadi nilizokata leo zinalala kifudifudi katikati ya ubao na zikifunuliwa zinafunuliwa kwa wote. Pesa nazo zinakaa juu ya meza, noti ziking'aa, ili anayepita aone nani hafikishi hesabu.

Halafu nikajifunza kuviacha baadhi ya vitu vibaya vibaki. Chukua ludo na sheria yake ya kutoka kwa sita. Uwezekano wa kurusha dadu mara kumi bila kuipata sita hata mara moja ni kama asilimia 16, maana yake katika meza ya watu wanne si ajabu mmoja akakaa nyumbani zamu kumi anaangalia wenzake wakitembea. Mbunifu yeyote aliyesoma atakwambia hilo ni kosa, mchezaji hana la kufanya. Ni kweli. Lakini nenda kijiweni uone. Yule aliyekwama ndiye sherehe ya watu wote, kila akirusha wanamhesabia, na sita ikitoka mtaa mzima unasikia. Foleni yangu imebaki ya dadu kwa sababu hiyo, ingawa nilikuwa nimeshatengeneza mfumo wenye akili zaidi.

Konda wangu alifanya jambo la maana kuliko mifumo yangu yote. Mwanzoni mwanafunzi alikuwa kizibo cha bluu, analipa nauli ndogo na anachukua kiti sawa na mtu mzima, kwa hiyo wachezaji wote walimwacha kituoni. Ukweli wa barabarani, ila kwenye mchezo kilikuwa kizibo mfu. Akachukua kizibo cha bluu kutoka kitini, akakiweka kwenye nafasi ya katikati ya gari ambayo nilikuwa nimeiacha tupu kwa urembo. "Denti hakai, dada. Anasimama. Mtu mzima akishuka ndo anakaa, mwingine akipanda ananyanyuka." Hapohapo mchezo ukapata maamuzi: ubebe wangapi wa kusimama, uwakalishe wapi, na trafiki akitokea umejaza kiasi gani. Nilikuwa nimehangaika na nafasi ile bila kujua ni ya nani.

Kuhusu riziki, nitapita haraka kwa sababu inanikera. Nyumba inalipiwa na kadi za michango ya harusi na lebo za asali, ndivyo nilivyosomea, usanifu wa picha. Viwanda vya China vinataka oda ya nakala mamia au elfu, na hapa Kariakoo naweza kuchapa nakala 50 ila sanduku linakuwa ghali kuliko kilichomo. Hakimiliki inalinda maandishi na picha zangu, lakini namna ya kucheza yenyewe mtu anaweza kuichukua. Mwaka 1988 huko Nuremberg wabunifu kumi na watatu waliandika juu ya kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi ya bia kwamba hawatampa mchapishaji mchezo kama jina la mbunifu halitakuwa juu ya sanduku. Nawapigia makofi, na jina langu nalitaka juu ya sanduku, kubwa. Ila aliyebuni bao hana jina wala sanduku, na mchezo wake unachezwa usiku huu.

Jana nilimwachia konda ubao, nikakaa pembeni nikijifanya naandika meseji. Akawaelekeza wenzake wawili kwa dakika tano, kijitabu kikiwa chini ya soda. Aliruka sheria yangu ya mafuta, akaongeza ya kwake: dadu ya foleni harushi mchezaji, anarusha aliyesimama. Yeyote. Ghafla kila aliyepita akawa na sababu ya kusimama. Mama muuza maandazi akarusha sita, kondakta wa kadibodi akakwama njiani na hesabu hajafikisha nusu, na kelele zake zikaleta watu wengine wanne.

Nikaiandika sheria ile palepale. Kisha nikawaza sanduku litakaponunuliwa na mtu wa Mikocheni mwenye geti, nikamuuliza: "Sasa mdogo wangu, wakicheza wawili chumbani, foleni atarusha nani?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Chumbani? Wanacheza chumbani wana nini?"