Duara la Watu Sita

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wapendwa.

Jumamosi iliyofuata Pentekoste, vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wa huku kwetu Magomeni, Bagamoyo, walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa uani, wakaazima projekta na spika, na tulipomaliza rozari tukakaa mikekani kutazama The Avengers, filamu ya mwaka 2012 iliyoandikwa na kuongozwa na Joss Whedon, inayosimulia mashujaa sita wanaokusanywa kuilinda dunia dhidi ya adui aitwaye Loki. Niliwahi kuiona zamani katika banda umiza, kibanda cha video cha mtaani, sauti ya mtafsiri ikiwa imezifunika sauti za waigizaji wenyewe, na wakati ule niliondoka na nyundo, ngao na majengo yanayoporomoka, nikayaacha mengine yote. Safari hii nilikuwa bado na somo la Pentekoste masikioni, lile la 1 Wakorintho 12 linalotufundisha kwamba karama ni nyingi na Roho ni yule yule, na kwa dakika zote 143 nilikaa kama mtu anayesomewa habari za jumuiya yake mwenyewe. Ndiyo sababu tafakari ya wiki hii inahusu filamu, nami naisifu kwa moyo mweupe.

Kabla hatujaanza, mama mmoja aliuliza kama inafaa waamini kukaa mbele ya picha ambayo ndani yake kuna watu wanaoitwa miungu. Swali lake lilikuwa la haki, kwa maana Thor, mmoja wa mashujaa hao, na Loki wametoka katika masimulizi ya kale ya Ulaya ya Kaskazini, ambako Thor aliabudiwa kwa karne nyingi. Filamu yenyewe ilimjibu. Captain America, shujaa mwingine, anapoonywa asiwafuate hao wawili kwa kuwa ni kama miungu, anajibu kwamba Mungu ni mmoja tu, na kwamba hadhani kama huvaa namna ile, kisha anaruka kutoka kwenye ndege. Muda mfupi kabla ya hapo, katika mji wa Stuttgart nchini Ujerumani, Loki amewapigisha magoti watu waliotoka kwenye hafla, na mzee mmoja asiye na silaha wala jina anasimama peke yake na kukataa kumpigia magoti mtu wa aina hiyo. Nilimtupia jicho yule mama. Alikuwa ameweka mkono kifuani, na mimi nikawakumbuka vijana watatu wa Danieli 3 mbele ya sanamu ya dhahabu.

Lakini kinachonifanya niiheshimu filamu hii kuliko nyingine za aina yake ni ugomvi uliomo ndani yake. Loki anakamatwa kwa urahisi mno, na baadaye inafahamika kwamba alitaka kukamatwa. Anafungiwa katika chumba cha vioo ndani ya meli kubwa inayopaa angani, na huko anakaa, anatabasamu na kungoja, huku kazi yake ikifanywa na wale wale waliomkamata. Tony Stark, tajiri mwenye vazi la chuma, anamdharau Captain America kwa kuwa nguvu zake zilitoka katika chupa ya maabara. Captain anamuuliza atabaki nani akivuliwa lile vazi. Thor anawaona wanadamu wote kuwa viumbe wadogo. Bruce Banner, mwanasayansi ambaye hasira humgeuza kuwa jitu liitwalo Hulk, anatambua kwamba kile chumba cha vioo kilijengwa kwa ajili yake yeye. Na Nick Fury, mkuu wa shirika la kijasusi aliyewakusanya, amegunduliwa akipanga kutengeneza silaha kwa siri. Linalotisha ni kwamba karibu kila neno wanalotupiana lina ukweli ndani yake. Fimbo ya Loki, yenye nguvu ya kuteka akili za watu, iko katikati yao mle chumbani, na Banner anajikuta ameishika mkononi bila kujua ameichukua saa ngapi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mshambulizi anayekuja kuilipua ile meli ni Hawkeye, mpiga mishale mwenzao, ambaye akili yake imetekwa na fimbo hiyo, na mlipuko unatokea wakati bado wanabishana.

Ndugu zangu, mara nyingi tunaisoma 1 Wakorintho 12 kama wimbo mtamu wa umoja, tukasahau iliandikiwa watu gani. Wakorintho walikuwa wamekwisha kugawanyika, huyu akijiita wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa, kama Mtume anavyolalamika tangu sura ya kwanza. Mfano wa mwili na viungo vyake ulipelekwa moja kwa moja katika chumba cha ugomvi. Na Bwana wetu mwenyewe hakuchagua watu waliokuwa wamekwisha kupatana, kwa kuwa katika orodha ya Luka 6 tunawakuta Mathayo, ambaye alikuwa mtoza ushuru chini ya utawala wa Warumi, na Simoni aitwaye Zelote, jina ambalo wengi wamelielewa kuwa la mtu mwenye wivu mkali juu ya taifa lake. Injili haitusimulii siku za kwanza za hao wawili safarini zilikuwaje. Mimi huwaza kwamba zilikuwa ngumu, na kwamba Yesu aliziona na hakumwondoa hata mmoja.

Kuna mahali ambapo siwezi kukubaliana na filamu. Phil Coulson, mtumishi wa kawaida wa Fury asiye na nguvu yoyote ya ajabu, anakufa akimkabili Loki, na Fury anawatupia mashujaa kadi za picha za Captain America ambazo Coulson alizikusanya kwa mapenzi makubwa, zikiwa zimelowa damu, kana kwamba zimetolewa kwenye nguo zake. Baadaye tunaambiwa kadi hizo zilikuwa kabatini. Wale watu walihitaji msukumo, na Fury akautengeneza. Kifo cha Coulson kilikuwa cha kweli, nacho kingetosha. Hakikuhitaji kuongezewa kitu. Nalisema hili kwa sababu hata makanisani tunashawishika kuwaunganisha watu kwa habari iliyotiwa chumvi, hasa tunapochangisha fedha, ilhali Damu iliyotuunganisha sisi haina haja ya nyongeza yoyote.

Halafu linakuja lile duara. Anga la New York limefunguka, jeshi la Chitauri, viumbe wa nje ya dunia walioletwa na Loki, linamiminika, na watu sita wanasimama barabarani wakipeana migongo, huku kamera ikiwazunguka taratibu. Vijana walipiga makofi hadi jirani akachungulia juu ya ukuta, nami niliyajua yanayokuja na bado machozi yalinitoka. Uzuri wa duara lile ni kwamba anayempa mwenzake mgongo hamwoni tena; anamwamini. Muda mfupi baadaye Tony Stark, mwenye ulimi usiotulia na fedha zisizohesabika, anamwomba Captain awape maagizo, na mtu huyu aliyelala katika barafu karibu miaka 70, asiyezielewa hata mashine za zama hizi, anagawa kazi: Hawkeye apande juu ya paa awe macho yao, Stark alinde mpaka wa mapigano, Thor azibe lango la anga kwa radi, Captain na Natasha, jasusi wa kundi, wabaki chini, na Hulk aambiwe neno moja tu, avunje. Mtume Paulo anauliza, mwili wote ukiwa jicho, kusikia kutakuwa wapi? Hapa jicho halina nguvu ya ajabu, lina upinde na mishale yenye hesabu, na bila hilo wenye nguvu wangepigana gizani. Yeyote aliyewahi kupanda jahazi hapa pwani analijua hili. Wako wanaovuta tanga, yuko wa usukani, na yuko anayefua maji kule chini ambako haonekani, naye akilala wote wanazama pamoja na nahodha wao.

Mgawo huo ulinikumbusha msafara uliofika katika mji wetu huu mwezi Februari mwaka 1874. David Livingstone alikuwa amefariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu wake wakakata shauri kuurudisha mwili wake kwao. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, ndiye aliyejua namna ya kuupasua na kuutayarisha ili ukaushwe. Jacob Wainwright, aliyekuwa amesoma, aliongoza sala za maziko ya moyo wake chini ya mti na kuchonga maandishi kwenye shina. Chuma na Susi, watumishi wake, waliongoza msafara mpaka baharini. Ukafika misheni ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa hapa tangu mwaka 1868, na mwili wa mmisionari wa Kiprotestanti ukalala katika nyumba ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa. Wasomaji wengi duniani wanalijua jina la aliyebebwa. Ningefurahi kama watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wangeyajua pia majina ya waliobeba, kwa maana hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kuifanya kazi ile peke yake.

Nirudi kwa Hulk. Banner anapotafutwa mwanzoni anakutwa Kolkata, India, akiwatibu maskini, akijificha mbali na kitu kilichomo ndani yake. Wote wanamwogopa, isipokuwa Stark, ambaye tangu siku ya kwanza anamtendea kama mwenzake. Mwishoni Baraza la wakubwa wa Fury linapoamua kurusha kombora la nyuklia juu ya mji wenye watu, ni Stark anayelibeba mgongoni na kupita nalo katika lango la anga, yeye ambaye Captain alimwambia usoni kwamba si mtu wa kujilaza ili wenzake wapite juu yake. Anajaribu kumpigia simu ampendaye, na simu haipokelewi. Natasha analazimika kulifunga lango. Stark anapita dakika ya mwisho, anaanguka kutoka angani bila fahamu, na anayemdaka ni Hulk. Simfananishi Stark na Bwana wetu, ambaye Yohana 15 inatueleza upendo wake usio na kifani. Nasema tu kwamba Captain alikuwa amemhukumu mwenzake mapema mno, na filamu ikaacha matendo yamjibu.

Majina ya waigizaji yalipoanza kupita, watu wakainuka kukunja mikeka, na kijana wa projekta akawaomba wakae. Baada ya majina yote kuna kipande kifupi: wale sita wamekaa kwenye meza ya mgahawa mdogo ulioharibiwa na vita, wanakula shawarma, na hakuna anayesema neno lolote. Hapo niliiona Yohana 21, Bwana akiwa ameandaa makaa, samaki na mkate ufukoni, na wanafunzi waliochoka wakila bila kuthubutu kumuuliza wewe ni nani, maana walijua. Uani nako kulikuwa kimya. Kisha wale akina mama waliokuwa jikoni wakaleta mihogo na samaki wa kukaanga katika sinia tatu, vijana wakasogea, na kwa muda tuliendelea kula hivyo hivyo, shuka likiwa bado limewaka ukutani.